Mshono wa Buluu kwenye Jaketi la Ongom

Harara ya Ongom ilipona siku ya Jumanne, na tangu hapo usingizi wa mkewe ukaharibika.

Kwa miezi miwili, kila jioni, Rosalba alikuwa akimkalisha mumewe kwenye kigoda nyuma ya nyumba, anamvua shati, anamkagua. Vipele vyekundu vilimjaa kwapani, vikazunguka mbavu, vikapanda mpaka shingoni, kila mahali lilipomkaba lile jaketi la kuokolea maisha. Rosalba alivipaka moo yaa, mafuta ya mbegu za porini ambayo mama yake alimtumia kutoka Kitgum ndani ya chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi. Alipaka polepole, bila haraka ya kumaliza. Ongom aliguna, akalaani jua, akalaani ziwa, akamlaani na mtu aliyevumbua jaketi. Ilikuwa saa ya Rosalba hiyo. Mchana kutwa mumewe alikuwa wa serikali. Kwenye kigoda kile alikuwa wake.

Jumanne ile alipotoka na chupa, Ongom alikuwa anafunga vifungo vya shati.

"Leo usijisumbue, Mama Aber. Vimekauka."

"Vimekauka vyenyewe?"

"Vyenyewe."

Rosalba alisimama na chupa yake mkononi. Harara haiponi yenyewe mwezi wa Januari, wakati mabati ya laini za polisi, nyumba za askari pale Luzira, yanalia kwa joto na kuku wanahema midomo wazi chini ya ngazi. Kuna mtu aliyeiponya.

Alikuwa mwanamke wa kuchunguza mambo, huyu Rosalba. Shule aliishia darasa la tatu kwa masista, akatoka na sala, kusoma kwa kufuata kidole, na mshono wa mkono ulionyooka kuliko wa wenzake wote. Alipoolewa na Konstebo Ongom walikaa kwanza kwenye laini za Naguru. Kisha wanajeshi wakashika nchi ya Uganda, na watu wa kaskazini, kama wao, wakaanza kupungua pale kwenye laini: leo mlango huu umefungwa, kesho ule, na hakuna aliyeuliza wenyeji wamekwenda wapi. Ongom alihamishiwa bandarini, wakateremka Luzira na watoto wanne na kitanda kimoja. Tangu hapo Rosalba alimlinda mumewe kama mtu mwenye yai moja na safari ndefu. Alijua viatu vyake vinaliaje akiwa amechoka na vinaliaje akiwa na hofu. Alimwonea wivu kila kilichomchukua: zamu, redio, hata ziwa lenyewe. Wengine walisema ni wivu wa mapenzi, wengine wakasema ni woga tu uliovaa nguo ya wivu. Yeye mwenyewe hakuona tofauti.

Na jaketi lilikuja hivi. Boti ya injini ya polisi wa bandari ilikuwa imelala gatini kwa kukosa vipuri, ndege wamejenga ndani yake. Makonstebo wakapewa mtumbwi na makafi, wapige kafi ukingoni mwa ziwa kukagua wavuvi, asubuhi hadi alasiri, jua likiwachoma juu na maji yakiwachoma chini. Majaketi walikuwa nayo, ya turubai nene la rangi ya kaki, mifuko yake imejazwa sufi. Lakini nani avae blanketi kwenye tanuri? Waliyakalia. Mpaka siku moja wimbi la upande likamtupa majini mwenzao mmoja, jaketi lake likabaki kwenye mtumbwi likiwa kavu kabisa, na yeye akaonekana siku ya tatu. Ndipo amri ikatoka: asiyevaa, asiyefunga kamba zote tatu, atalala selo. Na kila mtu aende na jaketi lake nyumbani. Likipotea, ajibu kwa mwili wake.

Rosalba aliipenda amri ile kuliko amri zote za serikali. Ongom alizaliwa mahali ambapo mto wa kijiji hukauka Desemba. Hakujua kuogelea hata hatua tatu.

Usiku huo wa Jumanne hakulala vizuri. Asubuhi, Ongom alipokwenda kuoga, aliliteremsha jaketi kutoka kwenye msumari. Kola ngumu iliyokuwa ikimkwangua shingo ilikuwa imepunguzwa. Kwapani turubai lilikuwa limekatwa, pakawekwa kitambaa laini cha pamba, kilichofuliwa mara nyingi mpaka kikawa kama ngozi ya mtoto. Na pande zote, safi, midogo midogo, ilikwenda mishono ya uzi wa buluu.

"Nani alikushonea?"

"Fundi," alisema Ongom, taulo begani.

"Fundi gani?"

"Fundi wa cherehani, Mama Aber. Kuna fundi wa nini tena anayeshona?" Akavaa, akaenda zake. Siku hiyo hakulichukua jaketi. Ijumaa kungekuwa na sherehe ya wakubwa wa jeshi, na hadi hapo makonstebo walikuwa wanafagia gati na kupaka chokaa mawe.

Jirani yake, Concy, mke wa konstebo mwingine, alikuwa anaanika nguo. Hakukosa neno.

"Kumbe hujui? Ni Aoko. Yule Mkenya anayekaa na cherehani barazani pa duka lililokuwa la Muhindi. Mjane. Ana kiuno hicho!"

"Anashona majaketi ya wote?"

"Ya wote, ndiyo. Lakini la nani limewekewa kitambaa laini kwapani?" Concy alibana kibanio, akatabasamu na kamba ya nguo. "Mimi nimekaa kimya."

Rosalba alifunga leso, akashuka barabara ya bandari.

Aoko alikuwa mrefu, mweusi tii, miguu yake ikikanyaga cherehani bila viatu. Alimkaribisha kwa Kiswahili chake cha Kisumu kilichonyooka, na alipojua ni mke wa nani akacheka.

"Karibu, shemeji! Mume wako ni mtu wa kuchekesha. Nikisema neno kwa Kijaluo, yeye analijua kwa Kiacholi. Tulibishana hapa nusu saa juu ya neno la kuku!"

Nusu saa. Rosalba alilimeza hilo kama mwiba wa samaki.

"Na kile kitambaa cha kwapani ni cha nini?"

"Ngozi yake ilikuwa inatoka damu, dada. Nilipoiona nilimhurumia."

"Ulipoiona."

"Alipojaribisha," alisema Aoko, kicheko kikipungua. "Nimewaambia wote, kabla hamjapanda mtumbwi, chovyeni jaketi na shati ziwani, mvae yakiwa yametota. Maji yanapoza mwili. Yule konstebo mwenzao, Ogwal, alizimia juzi kwa sababu alivaa jaketi kavu juu ya sweta, eti asichafue jaketi la serikali. Mbishi yule."

Rosalba hakusikia habari za Ogwal. Alisikia tu kwamba mwanamke huyu anajua mumewe avae nini na avae vipi. Alirudi nyumbani akipanda kilima kwa hasira, na katikati ya kilima wazo likamshika miguu. Mkono uliotia kitambaa laini kwapani mwa mume wa mtu, utashindwa kutia kitu kingine ndani? Mama yake alimwambia zamani: mwanamke akitaka kumfunga mwanamume, dawa haitii kwenye chakula siku hizi, anaishona kwenye nguo. Nguo inayolala kifuani. Na nguo gani inamlalia Ongom kifuani saa sita kwa siku, imefungwa kamba tatu?

Alikaa nyuma ya nyumba na wembe. Alifumua mshono wa buluu mmoja mmoja, bila kukata turubai, akiuzungusha uzi kidoleni. Alitoa sufi ya mfuko wa kwanza, akaipapasa, akainusa. Hakuna kitu. Wa pili. Wa tatu. Alitafuta kijiti, mzizi, kipande cha ngozi, unywele. Alikung'uta hadi kola. Palikuwa na sufi tu, mpya, nyeupe yenye kung'aa, iliyotoka kwenye maganda ya msufi msimu uleule.

Na sufi haina subira. Upepo wa mchana ulipanda kutoka ziwani, ukaingia katikati ya nyumba mbili, na Rosalba alipoinua macho, uwanja mzima ulikuwa mweupe. Ilikwama kwenye nguo mbichi za Concy, ikapanda juu ya mabati, ikavuka ua kuelekea gereza la jirani. Alikimbiza kwa beseni, akafunika kwa kanga. Aliambulia ya kujaza kiatu.

"Mama Aber," Concy aliita kutoka dirishani, "unachinja mto?"

"Naanika," alijibu Rosalba, jasho likimtiririka.

Ongom angerudi jioni. Ndani, chini ya kitanda, kulikuwa na gunia dogo la pamba ambayo kaka yake Olanya alimletea kutoka shambani kwao, ili ashonee godoro la mtoto. Pamba safi, iliyochambuliwa mbegu na mikono ya mama yake mzazi. Kadiri alivyoishindilia kwenye mifuko ya jaketi ndivyo moyo wake ulivyotulia. Kwani si bora hivi? Kifua cha mumewe kitalaliwa na pamba ya kwao. Alishona kwa uzi wake mweusi, mshono wa masista, ulionyooka. Kitambaa cha kwapani alikitoa, akakichoma jikoni, akatia cha kwake, cha gauni lake la harusi.

Alhamisi Ongom alilipima mkononi. "Limekuwa zito kidogo."

"Umechoka wewe."

Ongom alikuwa na mengine ya kuwaza. Ijumaa saa sita mchana, mbele ya wakubwa, polisi wa bandari wangeshindana kupiga kafi na askari magereza na wanajeshi, hadi kwenye boya la mbali na kurudi. Makonstebo walikuwa wanaulizana kwa sauti ya chini kama ni salama kushinda.

Ijumaa asubuhi, baada ya Ongom kutoka, Rosalba alijipaka mafuta, akavaa gauni zuri. Uzi wa buluu alikuwa ameuviringa ukawa kidonge. Alishuka nao mpaka barazani kwa Aoko, akauweka juu ya cherehani.

"Nimekuletea uzi wako."

Aoko aliutazama. Kisha akamtazama yeye. "Umelifumua?"

"Mume wangu ana mke anayejua kushona."

"Sawa. Haki yako." Aoko alikuwa amekasirika, lakini alijizuia. "Na sufi yangu iko wapi? Niliipata kwa taabu, ile ya zamani ilikuwa imeoza."

"Imekwenda na upepo. Nimetia pamba, safi, ya kwetu."

Mguu wa Aoko uliachia cherehani. Gurudumu likazunguka lenyewe, likasimama.

"Umetia nini?"

"Pamba."

Aoko hakubishana. Alivuta beseni la maji ya kunyunyizia nguo za pasi, akachomoa donge la sufi kwenye mfuko wa karatasi, na donge la pamba kutoka kwenye bega la koti alilokuwa anashona. Aliyatupa yote mawili, akayazamisha kwa kiganja, akaachia. Sufi iliruka juu ikakaa juu ya maji, ndani yake kukavu. Pamba ilipumua vipovu vichache, ikawa kijivu, ikateremka taratibu hadi chini ya beseni, ikalala.

"Sufi ina mafuta yake, haitaki maji," alisema Aoko. "Pamba inakunywa. Anajua kuogelea?"

Rosalba alitikisa kichwa. Katika beseni lile aliona mtu mzima amelala.

Aoko alikuwa ameshasimama. Kwenye msumari kulikuwa na jaketi moja lililokamilika, alilitupia begani. "Twende. Na usikilize: ukisema lilifunguliwa nyumbani kwenu, ni mali ya serikali hiyo, mumeo atalala selo. Niachie mimi niseme. Fundi anaruhusiwa kukosea."

Walikimbia. Lami ilikuwa laini kwa joto. Hata katika kukimbia kule, Mungu amsamehe, Rosalba aliona kwamba Aoko ana mbio nzuri kuliko zake, na ikamuuma.

Langoni mwa bandari alisimama mwanajeshi na bunduki.

"Nyie wamama, simama! Hapa hapana pita."

"Afande, mimi fundi ya jaketi," alisema Aoko, akikivunja Kiswahili chake ili kilingane na cha askari. "Ile ya Konstebo Ongom iko mbaya. Nimeleta ingine."

Kelele zilimvuta sajini mmoja wa jeshi, mnene, miwani ya jua usoni. Aliwaangalia wanawake wawili wanaotweta, akaangalia jaketi, akawaashiria wamfuate. Pengine alikuwa amechoka kusubiri wakubwa.

Gatini makonstebo walikuwa wamepangwa mstari juani, makafi mkononi kama bunduki. Walikuwa wameshachovya majaketi ziwani. Kwa wengine maji yalikuwa yamechuruzika yakaisha. Kwa Ongom yalikuwa bado yanatiririka kifuani na mapajani, yanafanya kidimbwi miguuni. Mabega yake yalikuwa yamevutwa chini kama amebeba mtoto aliyelala. Lakini mbele ya wanajeshi nani angefungua kinywa aseme jaketi langu ni zito? Alimwona mkewe, macho yakamtoka.

"Vua," alisema sajini.

Ongom alivua. Sajini alilipima, akaguna, akalitupa ziwani. Jaketi lilielea kidogo, likainama upande mmoja kama mlevi anayetafuta ukuta, likazama. Makonstebo wote waliangalia mahali lilipokuwa. Ogwal alifanya ishara ya msalaba.

"Nani alitengeneza hii?"

"Mimi, afande," alisema Aoko. "Nilikosea."

"Wewe mtu ya wapi?"

"Kisumu, afande."

"Aaa." Sajini alivua miwani. Macho yake yalikuwa madogo, na kicheko hakikuwamo. "Mkenya. Kwa hiyo Kenya nataka zamisha askari ya Uganda, polepole, moja moja?"

"Hapana, afande. Ni makosa ya—"

"Leta gari. Atakwenda eleza vizuri kambini."

Kila mtu pale alijua maana ya gari. Makonstebo waliangalia vidole vyao vya miguu. Aoko hakulia, alishika tu ncha ya kanga yake na kuizungusha. Hakumtazama Rosalba hata mara moja.

Na Rosalba alisimama. Ongom alikuwa salama, jaketi zuri lilikuwa pale pale. Hakutakiwa kufanya lolote ila kunyamaza. Anyamaze tu, kama walivyonyamaza majirani wa Naguru, na kesho barazani pa Muhindi patakuwa na cherehani isiyo na mtu. Hakuna nusu saa ya neno la kuku. Hakuna mkono kwapani mwa mtu. Kwa muda wa kumeza mate mara moja, jambo lile lilikuwa tamu. Alilionja. Baadaye maishani hakuwahi kujidanganya kwamba hakulionja.

Kisha gari likaunguruma nyuma ya ghala, na sauti ile aliijua. Aliwahi kuisikia Naguru, nje ya milango ya watu.

"Afande, ni mimi," alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Fundi alitia sufi, nzuri. Mimi nilifumua nikatia pamba. Mume wangu hajui."

"Wewe nani?"

"Mke wake."

"Na wewe nataka zamisha yeye?"

"Hapana, afande. Nilikuwa natafuta dawa."

"Dawa gani?"

Rosalba aliangalia chini. Mstari mzima wa makonstebo ulikuwa unasikiliza, na askari magereza, na wanajeshi wenye makafi yao. "Ya mapenzi. Nilidhani huyu amemshonea mume wangu dawa ya mapenzi kwenye jaketi. Nikafungua nitafute. Upepo ukachukua sufi."

Sajini aliweka miwani mfukoni.

"Ulipata?"

"Sikupata, afande."

"Ulitafuta vizuri?"

"Mpaka kwenye kola."

Kicheko cha sajini kilianzia tumboni, kikatikisa mkanda, kikamkunja. Wanajeshi wakacheka kwa kuwa mkubwa amecheka. Makonstebo wakacheka kwa kuwa wameruhusiwa kupumua. "Mpaka kola!" sajini alirudia, akifuta machozi. "Konstebo, mke yako nafaa kazi ya upelelezi! Mimi nyumbani nina tatu, zote namna hii." Akapunga mkono, gari likazimwa. "Vaa ile ingine. Nyie wamama, potea."

Ongom alivaa jaketi la Aoko, akafunga kamba tatu. Hakucheka. Alipanda mtumbwi bila kugeuka.

Walimaliza wa mwisho, na wote wakashukuru.

Siku mbili Ongom hakusema na mkewe. Alipewa adhabu ya kuopoa lile jaketi kwa ndoana, akafanikiwa, likakaa juu ya bati likikauka na kunuka. Jina la Mama Aber lilikufa wiki hiyo; kuanzia lango la gereza mpaka gatini waliita Mama Hirizi, na hata wakunga walimwita hivyo alipojifungua mtoto wa tano. Concy alisema hakushangaa, yeye alikuwa amekaa kimya muda wote.

Siku ya tatu jioni Ongom alijikalisha mwenyewe kwenye kigoda, akavua shati. Mgongoni hapakuwa na kipele hata kimoja.

"Paka," alisema.

"Nipake nini? Hakuna kitu."

"Kwani nimekuuliza kama kuna kitu?"

Akapaka.

Jumatatu Rosalba alilikunja jaketi tupu, akashuka nalo barazani. Aoko alikuwa anashona. Hakusimama, wala hakumwita shemeji.

"Nimekuja unifundishe kutia sufi," alisema Rosalba.

"Umekuja kujifunza au umekuja kunichunga?"

Rosalba alivuta kiti, akakiweka mahali ambapo angeweza kuona cherehani, mlango wa duka, na barabara yote ya kwenda bandarini.

"Vyote viwili."

Aoko alisukuma mfuko wa sufi kwa mguu. "Kinga upepo kwanza kwa kanga. Na kwapani nishone mimi, mkono wako ni mzito."

"Kwapani," alisema Rosalba, akichomoa sindano yenye uzi mweusi kutoka kwenye leso, "nitashona mwenyewe."